Nakshi Juu ya Jiwe: Watoto wa California na Picha ya Jimbo Lao

Waarabu wana msemo ambao masheikh wetu wa pwani wameurudia kizazi baada ya kizazi: elimu ya udogoni ni kama nakshi juu ya jiwe. Mtu mzima hufunzwa jambo leo, kesho likamtoka. Mtoto hufunzwa mara moja, likakaa naye mpaka anazikwa nalo. Walakini msemo huu una upande wa pili ambao aghalabu hatuutaji. Nakshi ikishachongwa juu ya jiwe haifutiki, iwe imechongwa sawa au imechongwa kombo. Kwa hivyo mwalimu, ambaye ndiye mwenye patasi mkononi, amebeba amana iliyo nzito kuliko tunavyodhani.

Leo napenda tuutazame mtindo mmoja wa kufunza ambao umeenea katika shule za Marekani kwa miaka mingi, na ambao umeingia katika nyumba zetu tangu mtaala wa umilisi uanze nchini kote mwaka 1999 na miaka 20 juu yake, yaani 2019. Ni mtindo wa kumfunza mtoto habari za mahali pake kwa mradi wa picha: achore, akate, abandike, apake rangi, kisha asimame mbele ya wenzake aeleze alichokifanya. Nimelichagua jimbo la California kuwa mfano wetu, kwa sababu huko mtindo huu umekwisha kuzeeka, ukazua mzozo, na mzozo wenyewe ukatoa mafunzo yanayotufaa na sisi.

JIMBO KATIKA BOKSI LA VIATU

Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na bendera yake, na juu ya hayo lina alama zake zilizopitishwa kwa sheria: ndege wa jimbo, ua la jimbo, mti wa jimbo, samaki, hata jiwe. Si ajabu kusikia kwamba watoto wa shule ndio walioliandikia bunge barua kuomba mnyama fulani atambuliwe, na waheshimiwa wakakubali.

Mtoto wa miaka tisa au kumi hupewa jimbo moja akaambiwa alifanyie mradi. Huchora ramani yake na kuutia nyota mji mkuu. Hupaka rangi bendera. Huandika tarehe jimbo lilipoingia katika umoja wa nchi. Wengine hukunja karatasi ikawa kama kijitabu chenye vijidirisha: ukifunua hiki wamwona ndege, ukifunua kile walisoma jina la mto. Wengine huchukua boksi la viatu, wakalipamba kama gari la maandamano ya sikukuu, na siku ya siku darasa zima huyapanga maboksi hayo sakafuni, nchi nzima ikapita mbele ya macho ya wazazi.

Hapana shaka mtindo huu una faida. Mkono ni mwalimu. Hata katika vyuo vya Kurani vya zamani, mtoto hakusomeshwa kwa masikio peke yake. Aliandika juu ya ubao kwa kalamu ya mwanzi, akaosha, akaandika tena, na mkono ukausaidia ulimi. Mtoto aliyechora umbo la jimbo lake hatalisahau upesi kama yule aliyelisoma tu katika kitabu.

Na California ina mengi ya kumfurahisha mtoto. Iliingia katika umoja wa Marekani tarehe 9 Septemba 1850, ikiwa jimbo la 31. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 424,000, pungufu kidogo ya robo tatu ya Kenya nzima. Ndani yake mna mlima Whitney wenye urefu wa mita 4,421, na mna bonde liitwalo Death Valley ambalo limezama mita 86 chini ya usawa wa bahari. Umbali baina ya kilele hicho na shimo hilo haufiki kilomita 150. Mtoto akiyachora hayo mawili katika karatasi moja, amepata somo la jiografia ambalo hotuba ya saa nzima haliwezi kumpa.

NUSU YA PILI YA HABARI

Tatizo huanza pale habari ya kupendeza inapokatwa katikati. Natoa mfano wa dubu.

Bendera ya California ina picha ya dubu mkubwa. Mtoto humchora kwa furaha, akampaka rangi ya kahawia, akaandika chini yake kwamba huyu ndiye mnyama wa jimbo letu. Mwalimu humpa alama zake, na mradi hubandikwa ukutani. Hiyo ni nusu ya kwanza ya habari, nayo ni kweli.

Nusu ya pili ni hii. Dubu huyo alipandishwa juu ya bendera na walowezi wa Kimarekani walioiasi serikali ya Mexico mwaka 1846. Mwaka 1848 dhahabu ilionekana Coloma, na watu wakamiminika kutoka pembe zote za dunia. Wenye ng'ombe walimwinda dubu kwa bunduki, kwa mitego na kwa sumu. Mwaka 1911 bendera yenye picha yake ikapitishwa kuwa bendera rasmi ya jimbo. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 hakubaki dubu wa aina hiyo hata mmoja katika California yote. Ndipo mwaka 1953, zaidi ya miaka 25 baada ya kwisha kwake, bunge likamtangaza kuwa mnyama rasmi wa jimbo.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi nusu hii ya pili inavyoigeuza picha. Mtoto anayejua nusu ya kwanza tu ana picha ya mnyama. Anayejua zote mbili ana swali: vipi watu walimpenda mnyama huyu kwenye kitambaa wakamwua porini? Swali hilo atakua nalo. Huenda siku moja likamfanya awe mlinzi wa wanyama, au mbunge mwenye haya. Wala nusu ya pili haikuhitaji gundi wala karatasi zaidi. Ilihitaji mwalimu aulize neno moja tu: kisha?

KUTA ZA SUKARI

Jambo la dubu ni dogo likilinganishwa na jambo la misheni, na hapa ndipo mzozo wenyewe ulipo.

Baina ya mwaka 1769 na 1823, mapadri wa Kifransisko kutoka Uhispania walijenga misheni 21 katika ukanda wa pwani ya California, kutoka San Diego kusini hadi Sonoma kaskazini, mwendo wa karibu kilomita 1,000. Wa kwanza na mashuhuri wao alikuwa Junípero Serra, aliyefariki mwaka 1784. Majengo hayo ni mazuri, yenye kuta nene za udongo, matao, vigae vyekundu na minara ya kengele. Mengi yamekarabatiwa, na watalii huyazuru.

Kwa miongo mingi ilikuwa ni desturi kwamba kila mtoto wa darasa la nne katika jimbo hilo ajenge misheni yake. Sheria haikumlazimisha. Mpango wa masomo ulitaka ajifunze historia ya misheni, lakini kujenga kijumba kulikuwa ni mazoea yaliyopata nguvu ya sheria. Kuta zilijengwa kwa vipande vya sukari au vijiti vya aiskrimu, na paa kwa tambi za kupikwa zilizopakwa rangi nyekundu. Maduka yaliuza misheni nzima ndani ya boksi, iliyokatwa tayari, kazi ya mtoto ikabaki kubandika tu. Nao wazazi, kama ilivyo kwetu, walikesha usiku wa kuamkia siku ya kupeleka mradi, baba akikata na mama akibandika, mtoto mwenyewe amelala.

Mapenzi haya ya misheni yalitoka wapi? Mwaka 1884 mwandishi Helen Hunt Jackson alitoa riwaya yake Ramona. Nia yake ilikuwa kuwatetea wenyeji asilia, wale ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Lakini wasomaji waliyaacha mateso ya watu wakayashika mandhari: bustani, matao, kengele za jioni. Reli zikaleta watalii, wajenzi wakaiga matao katika majumba na vituo vya garimoshi, na kuanzia mwaka 1906 kengele za ukumbusho zikasimamishwa kando ya barabara ya zamani ya misheni. Riwaya iliyoandikwa ili watu walie ikawafanya wapange safari za likizo. Sisi watu wa kalamu tuna la kujifunza hapo: msomaji huchukua akipendacho, si tulichomkusudia.

WALIOKUWA NDANI

Mtoto aliyejenga misheni ya sukari alijua idadi ya matao. Je, aliwajua waliokuwa ndani?

Waliokuwa ndani hawakuwa Wahispania. Kwa kawaida kila misheni ilikuwa na mapadri wawili na askari wachache. Waliobaki, mamia kwa mamia, walikuwa wenyeji: Wakumeyaay, Watongva, Wachumash, Waohlone na wengineo. Wao ndio walioukanda udongo na kuzisimamisha hizo kuta. Mtu akishabatizwa hakuwa na ruhusa ya kuondoka apendavyo. Akitoroka, askari walimfuata na kumrudisha, na adhabu ilikuwa viboko. Wasichana wasioolewa walifungiwa katika chumba chao usiku. Maradhi yaliyokuja na wageni, kama surua na ndui, yaliwamaliza hasa watoto wachanga na mama zao.

Wala hawakukaa kimya. Mwaka 1775 Wakumeyaay waliishambulia na kuichoma misheni ya San Diego. Mwaka 1785 mwanamke kijana aitwaye Toypurina alikuwa miongoni mwa viongozi wa njama ya kuivamia misheni ya San Gabriel. Mwaka 1824 Wachumash waliasi katika misheni tatu kwa pamoja.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wenyeji wa California walikuwa kama 300,000 Wahispania walipofika mwaka 1769. Kufikia mwaka 1846 walibaki kama 150,000. Kisha ikaja dhahabu na serikali ya Marekani, na mambo yakazidi ubaya. Sheria ya mwaka 1850 iliruhusu watoto wa wenyeji kuchukuliwa na kufanyishwa kazi na wazungu. Gavana wa kwanza wa jimbo, Peter Burnett, aliliambia bunge mwaka 1851 kwamba vita vya kuwaangamiza vitaendelea mpaka kabila hilo litoweke. Jimbo likawalipa wanamgambo waliokwenda kuwaua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1870 walibaki kama 30,000. Mwaka 2019 Gavana Gavin Newsom aliomba radhi rasmi kwa niaba ya jimbo.

Si kazi yangu kuihukumu dini ya watu. Papa Francis alimtangaza Serra kuwa mtakatifu mwaka 2015, na wako Wakatoliki, wakiwamo wenyeji asilia, wanaoyapenda makanisa hayo kwa moyo safi na kusali humo hadi leo. Wako pia wenyeji walioupinga utakatifu huo kwa uchungu. Hilo ni lao. Langu ni darasa. Katika darasa lile la sukari na gundi alikuwamo pia mtoto wa Kichumash au wa Kiohlone. Naye aliambiwa ajenge. Alipewa vipande vya sukari auzungushe ukuta ambao ndani yake bibi wa bibi yake alifungiwa, kisha asimame mbele ya wenzake awaeleze uzuri wa matao.

Deborah Miranda, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu ambaye ni wa uzao wa watu hao wa misheni, aliliuliza jambo hili katika kitabu chake Bad Indians cha mwaka 2013. Je, katika majimbo ya kusini yaliyokuwa na utumwa, mtoto mweusi angeambiwa ajenge kijishamba cha pamba chenye vibanda vya watumwa, apake rangi, apewe alama? Kila mtu ajua jibu. Basi kwa nini California?

KILICHOBADILIKA

Malalamiko ya wenyeji yalichukua miaka mingi kusikika, lakini yalisikika. Mwaka 2016 halmashauri ya elimu ya jimbo ilipitisha mwongozo mpya wa kufunza historia. Mwongozo huo ulisema wazi kwamba kujenga misheni kwa sukari au vijiti hakumsaidii mtoto kuuelewa wakati ule, na kwamba kunawaudhi wengi. Ulitaka walimu wayaangalie maisha ya kila siku ya watu waliokuwa ndani, badala ya majengo. Mwongozo si amri, na wako wazazi waliosikitika kwa kuwa wao wenyewe walijenga misheni utotoni na wakataka wana wao wajenge. Shule nyingi zimeacha, nyingine zimeendelea. Mwaka 2022 ikatiwa saini sheria inayozihimiza wilaya za elimu zikae na makabila yaliyo karibu nazo ili yashiriki katika kutunga masomo hayo. Mmoja wa waliosimamia sheria hiyo ni mbunge James Ramos, ambaye mwaka 2018 alikuwa mwenyeji asilia wa California wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba walioacha kujenga misheni hawakulazimika kuacha mikono na rangi. Mtoto anaweza kuchora ramani ya jimbo lake ambamo badala ya misheni 21 mna nchi za makabila kabla ya mwaka 1769. Anaweza kuchora tomol, chombo cha Wachumash.

Chombo hicho kitamgusa mtu wa pwani. Kiliundwa kwa mbao zilizotobolewa na kushonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja, kisha nafasi baina ya mbao zikazibwa kwa lami ya asili inayotoka katika fuo za huko. Sisi tulikuwa na mtepe, uliosumwa na kushonwa vivyo hivyo kwa kamba za makumbi. Watu wawili wa bahari mbili, wasioonana, walifikia akili moja. Mtoto akichora tomol hujifunza hisabati, ufundi na heshima kwa pamoja. Na nusu ya pili ya habari ipo pia: mwaka 2001 Wachumash walipiga kafi ndani ya tomol hadi kisiwa cha mababu zao ng'ambo ya mlango wa bahari, na tangu hapo wamevuka mara nyingi. Mtoto akiisikia hiyo hatosema tena kwamba watu hao walikuwako zamani. Wako. Makabila yanayotambuliwa na serikali ya Marekani katika California peke yake yapita 100.

JE, MTOTO ATAUBEBA MZIGO HUU?

Wako watakaosema kwamba mtoto wa miaka tisa ni mdogo mno kuambiwa habari za viboko na vifo. Mwache achore maua, wasema, ya ulimwengu atayajua akikua.

Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Mtoto wa chuoni huijua habari ya Nabii Yusuf kabla hajang'oa meno ya utoto: ndugu zake walimtia kisimani, akauzwa kwa dirhamu chache, akafungwa gerezani kwa uongo. Hujua kwamba Firauni aliwachinja watoto wa kiume wa Bani Israili. Hakuna mzazi anayesema visa hivyo vifichwe mpaka mtoto aote ndevu. Wala watoto wa Kikristo hawafichwi habari ya Herode. Mtoto huubeba msiba akisimuliwa na mtu anayempenda, kwa maneno ya kadiri yake, na akionyeshwa kwamba waliopatwa walikuwa watu kama yeye. Asichoweza kukibeba ni kugundua, akiwa mtu mzima, kwamba waliompenda walimdanganya.

NA SISI JE?

Katika Gredi ya 4 mtoto wa Kenya hufunzwa habari za kaunti yake katika masomo ya jamii. Naye ana miaka tisa au kumi, kama yule wa California. Naye huleta nyumbani karatasi ya manila. Naye mzazi hukimbilia saiba kupigisha chapa picha, kwa pesa ambazo pengine zilikuwa za unga. Kaunti zetu 47 zina zaidi ya miaka kumi tu tangu zianze kazi mwaka 2013, kwa hivyo tungali mwanzo wa kuchonga. Jiwe lingali laini kidogo.

Mtoto wa Mombasa, kaunti nambari 001, atachora nini? Atachora Ngome ya Yesu, Fort Jesus. Ataandika kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba ramani yake ilichorwa na Mtaliana, na kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Hiyo ndiyo misheni yetu ya sukari. Yote ni kweli, na yote ni kuta.

Nusu ya pili iko wapi? Yuko wapi Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyepelekwa Goa akalelewa Kikristo, akarudishwa kutawala chini ya Wareno, kisha mwaka 1631 akamwua kamanda wao na kuitwaa ngome? Wako wapi waliozingirwa humo tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, wakafa kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi? Wako wapi wafungwa wa miaka ya Mwingereza, kwani ngome hiyo ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, na huenda babu wa jirani yako alilala ndani yake?

Vivyo hivyo mtoto atachora daraja la Nyali na mahoteli, lakini Kengeleni alipitapo kila siku asijue kengele ipi. Ni kengele ya Frere Town, mji uliojengwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mtoto wa Kwale atachora fuo za Diani, na pango la Shimoni lililofungiwa watu asilitie. Mtoto wa Kilifi atachora mnazi na mkorosho, na Mekatilili wa Menza, aliyewaamsha Wagiriama mwaka 1913, asipate nafasi pembeni mwa karatasi. Na kaya zetu, misitu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, mtoto atazichora kama miti tu, asimjue mzee mmoja anayezilinda.

Basi nawashauri walimu wetu mambo matatu, nayo hayaongezi gharama hata senti. Kwanza, kila picha katika mradi iwe na mtu ndani yake. Ukichorwa ukuta, achorwe aliyeujenga. Ukichorwa mnazi, achorwe mgema. Pili, chini ya kila habari ya kupendeza mtoto aandike neno kisha, na mbele yake aandike kilichofuata. Tatu, kabla mzazi hajakimbilia saiba, mtoto amwendee mzee mmoja wa mtaani, amkalie kitako, amwulize kuhusu mahali anapotaka kupachora, na alete sentensi moja kutoka kinywani mwake. Penseli moja na mzee mmoja vinatosha. Mradi wa namna hiyo mzazi hawezi kumfanyia mtoto usiku akiwa amelala.

California ilihitaji miongo mingi, na machozi ya watoto wengi wa wenyeji, kabla ya kutambua kwamba mkono wa mtoto ukijenga ukuta, akili yake hukaa na ukuta, na mkono wake ukimchora mtu, akili yake hukaa na mtu. Sisi tumepata kulijua hilo bila kulilipia. Manila za muhula ujao bado hazijanunuliwa, na wazee wanaozikumbuka habari zenyewe wanapungua kila mwaka. Anayetaka kuchonga na aanze nao.